Watu 14 Walinichora, 13 Wakanipausha

Jamani, Jumamosi ya wiki juzi nilirudi nyumbani nimenuna mpaka mke wangu akauliza kama nimefukuzwa kazi. Sikufukuzwa. Nilikuwa nimechorwa.

Kwa msiojua, huku ughaibuni nina mwaka wa pili kwenye kikundi cha wachoraji. Si wachoraji wa kula kwa brashi, hapana. Ni watu wa hivi hivi tu: fundi bomba mstaafu, mwalimu mstaafu wa kemia, muuguzi anayekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, kijana wa benki asiyejua kupaka kitu kingine zaidi ya mashua. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana kwenye ukumbi wa kukodi wenye dirisha kubwa linalotazama kaskazini. Upande huu wa dunia wachoraji wanalipenda dirisha la kaskazini kwa sababu jua haliingii moja kwa moja, kwa hiyo vivuli havihami wakati bado unavikimbiza. Tunapaka kwa saa mbili. Nusu saa ya mwisho kila mtu anaegemeza kazi yake ukutani, na sote tunapita taratibu mikono nyuma, kama wageni rasmi wanaokagua gwaride.

Mwalimu wa kutufundisha hakuna, cheti hakuna. Najua swali lenu: inalipa? Hailipi. Unayelipa ni wewe. Ndiyo, natoa ada nikae na wazee wa watu nipake rangi, na hela hiyo ikitumwa mnajua wenyewe ingeziba tundu gani. Nilipomwambia kaka yangu kwenye simu alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

Sasa, mtu wa kukaa achorwe kwa kawaida hulipwa, na kikundi chetu hakina fungu hilo. Kwa hiyo wanachama hukaa kwa zamu. Yangu ikafika.

Usidharau kazi ya kukaa. Wanakupa kiti, wanabandika utepe wa gundi sakafuni kuzunguka miguu ya kiti na ncha za viatu vyako, ili ukiinuka kupumzika urudi palepale. Dakika 20 unakaa, 5 unanyoosha mgongo, kengele inalia, unarudi. Dakika ya saba pua inaanza kuwasha. Dakika ya 12 mguu mmoja si wako tena. Na muda wote huo kuna watu 14 wanakukodolea macho bila aibu, wanafumba jicho moja, wanakupima kwa mpini wa brashi kama fundi anayepima mlango. Nilivumilia. Nikajiambia, leo mtoto wa mama yangu anaingia kwenye turubai.

Saa sita na nusu picha zikapangwa ukutani. Nikaenda kujitazama.

Naomba nieleweke. Mimi si maji ya kunde. Mimi ni mweusi, tena wa kung'aa, na sijawahi kuuonea haya. Lakini yale niliyoyaona pale! Wa kwanza alinipaka nyeusi kama ilivyotoka kwenye tyubu, akatoboa macho mawili meupe na safu ya meno. Meno yenyewe aliyatoa wapi? Nilikuwa nimefunga mdomo saa mbili nzima. Wa pili alinipaka rangi ya chungwa. Wa tatu alitaka kuonyesha mng'aro wa paji la uso, akachukua nyeusi akaichanganya na nyeupe, ikatoka majivu. Wa nne vilevile, na wa tano. Nilikuwa nimepauka kama mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Nikatembea ukuta mzima namtafuta mtu mmoja ninayemjua, simwoni.

Wao wakaanza wimbo wao. Inapendeza. Ina nguvu. Ina hisia.

Hapo ndipo damu ilipochemka, na naomba nirudi nyuma kidogo mwelewe kwa nini. Miaka miwili naleta kazi zangu pale, na miaka miwili naambiwa inapendeza. Kijana wa benki akileta mashua anaambiwa: mlingoti umelala, maji yamesimama, rudia. Muuguzi anaambiwa mikono aliyochora ina vidole vya karoti, wanacheka, naye anacheka. Mimi nikileta, hata ile siku niliyoleta mti uliofanana na fagio, inapendeza. Mwanzoni nilijivuna, nikadhani nimewazidi. Baadaye nikaanza kuhisi kitu ambacho mtu yeyote aliyeishi ugenini atakijua: wewe ni mgeni wa sebuleni. Mgeni hasemwi chakula kikimdondokea.

Kisha kuna habari ya simba. Sijui ni mara ngapi nimeulizwa pale, kwa upole kabisa, kwa nini sichori simba, au tembo, au machweo mekundu yenye mti mmoja. Napenda kuchora vituo vya mabasi. Mvua, taa, watu wamejikunyata. Siku moja nilichoka, nikawakumbusha kwamba misitu na simba maarufu zaidi kwenye sanaa yao vilichorwa na Henri Rousseau, mtoza ushuru wa mjini Paris aliyejifundisha mwenyewe, akastaafu mwaka 1893 ili apake rangi, na hakuwahi kutoka nje ya Ufaransa. Mimea yake aliisomea kwenye bustani ya mimea ya Paris. Basi nikawaambia, simba waachieni watoza ushuru. Walicheka sana. Wiki iliyofuata bibi mmoja akaniletea kalenda ya twiga.

Kwa hiyo Jumamosi ile, mbele ya sura zangu 14, nilifungua mdomo. Nikasema: hamkunichora mimi, mmechora neno. Mmesikia "mweusi" kichwani mkachukua tyubu iliyoandikwa nyeusi. Nikanyoosha mkono wangu dirishani nikawauliza, nyeusi iko wapi hapa?

Kimya. Kile kimya cha huku ambacho unasikia bomba la joto likikoroma.

Halafu mzee fundi bomba, aliyekuwa amejibanza mwisho wa ukuta, akasema picha yake sijaifikia. Nikaenda. Nawaambia ukweli, miguu ilisita. Paji la uso lilikuwa na buluu, buluu ya wazi kabisa, na shavuni upande wa kivuli palikuwa na nyekundu ile ya damu ya mzee, chini ya kidevu zambarau. Ukiikaribia unaona mabaka tu, ovyo, na sikio moja liko juu kuliko jingine. Ukirudi hatua nne nyuma, ni mimi. Si mimi tu, ni marehemu baba akiwa amekasirika. Nikamuuliza mzee, umefanyaje? Akanitazama kama mtu aliyekamatwa. Nyeusi yangu ilikauka, akasema, nilisahau kufunga kifuniko.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mimi pia, ingawa nilikuwa bado nimenuna. Mmarekani John Goffe Rand alibuni tyubu ya bati mwaka 1841 ili rangi isikauke, maana kabla yake wachoraji walikuwa wanahifadhi rangi kwenye vibofu vya nguruwe. Lakini hakuna uvumbuzi unaomsaidia mzee asiyefunga kifuniko, hasa ukiwa unatumia akriliki, rangi inayokauka upesi.

Mwalimu wa kemia ndiye aliyetueleza kilichotokea. (Huyu mama ana umri wa mama yangu mzazi, na siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi ulikataa. Nikamwita Mwalimu, kwa Kiswahili, na sasa kikundi kizima kinamwita Mwalimu, nusu yao wakidhani ndilo jina lake la utani tangu utoto.) Alisema mzee, kwa kukosa nyeusi, alilazimika kuitengeneza kwa buluu nzito iitwayo altramarini na kahawia ya udongo uliochomwa, na giza la namna hiyo linabaki na uhai: ukilivuta huku linapoa, ukilivuta kule linapata joto. Ngozi nyeusi inayong'aa inarudisha mwanga kama maji yanavyourudisha, kwa hiyo chini ya dirisha la kaskazini inarudisha anga. Ndiyo buluu ile. Ukitia nyeupe ndani ya nyeusi unapata kijivu, na kijivu kwenye ngozi ya mtu ni ugonjwa.

Akatupa na kisa cha Chevreul, mwanakemia Mfaransa aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye Gobelins, karakana ya mazulia ya kutundika ukutani huko Paris. Watu walikuwa wanalalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Akazipima, akakuta hazina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa pembeni yake, buluu na zambarau, ndizo zilizoyadanganya macho. Alichapisha kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1839. Nikakumbuka kwamba kwenye zile picha 13, karibu wote walikuwa wamenipaka ukuta mweupe nyuma ya kichwa. Mbele ya ukuta ule hata embe bivu lingeonekana kaa la moto lililozimika.

Nikaondoka hata hivyo bila kuaga vizuri. Kisirani ni kisirani.

Nyumbani nikamwaga yote kwa mke wangu. Akasikiliza, akasema pole, kisha akaanza kufunua daftari zangu za michoro ambazo kwa kawaida hazigusi. Akafunua, akafunua. "Baba Zawadi," akasema, "na wewe hawa wazungu wako mbona wote wana rangi moja? Kama mdoli wa Zawadi." Nikachukua daftari. Muuguzi, pinki. Fundi bomba, pinki. Mwalimu, pinki ileile, nyeupe na tone la nyekundu, miaka miwili. Sikusema kitu. Nikaenda kulala saa mbili usiku.

Wewe unayejiandaa kuja huku, wanakuambia tafuta kazi, tafuta chumba, tafuta watu wa kwenu. Sawa, fanya hivyo. Lakini watu wa kwenu mtakutana kwenye misiba na michango, na kazini watu wanakusalimia kwa jina la idara. Majira ya baridi, saa kumi jioni giza limeingia, Jumamosi ikifika huna pa kwenda ambapo mtu anategemea uje. Hilo linaua kimyakimya kuliko baridi yenyewe. Tafuta kikundi cha kitu chochote usichokijua: kuimba, kushona, kutembea porini. Na ukichagua rangi, usinunue lile sanduku la rangi 48, ni la kuwafurahisha watoto. Chukua buluu mbili, nyekundu mbili, njano mbili, kahawia ya udongo na nyeupe. Kwa rangi za maji okoa hela kwenye brashi, usiokoe kwenye karatasi. Chini ya gramu 300 kwa mita ya mraba inajikunja kama sambusa ukiilowesha. Nilijifunza hayo kwa kutupa.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwa kujilazimisha. Nilifika nimechelewa makusudi ili nisisalimiane. Ukutani, hata kabla ya kuanza, palikuwa na picha sita zimeegemezwa. Sura yangu, sita. Watu sita walikuwa wameirudia kazi ile majumbani mwao, kwa kukumbuka, hakuna aliyewaambia. Mbili bado mbaya sana, nisiseme uongo. Ya muuguzi ilikuwa na kivuli cha zambarau kizito mno, kama nimepigwa ngumi. Lakini hakuna hata mmoja aliyetumia ile tyubu. Kijana wa benki alikuwa ameacha mashua zake kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Sikujua nitie wapi mikono. Nikaweka na kazi yangu, kituo cha basi usiku, ile niliyoisotea mwezi mzima. Mwalimu akasimama mbele yake, akafinya macho, akaigeuza juu chini, akairudisha. Nikasubiri neno lile.

"Barabara yako imekufa," akasema. "Umepaka lami kwa nyeusi."

Jamani. Wengine nao wakapata mdomo. Fundi bomba akasema mtu wa kulia hana uzito, upepo utambeba. Muuguzi akasema taa inawaka lakini haimwangazii mtu. Nusu saa nzima, kazi yangu peke yake, mpaka msimamizi wa ukumbi akaja kutikisa funguo mlangoni. Ninavyoandika hivi bado inaniuma, hasa ile ya taa, maana ni kweli.

Jumamosi hii zamu ya kukaa ni ya Mwalimu mwenyewe. Wiki nzima nimekuwa nafanya mazoezi kwenye vipande vya karatasi. Nimegundua kwamba shingoni, pale mishipa inapopita, ana kijani, na pembeni mwa pua njano ya udongo, na masikio mwanga ukiyapenya yanakuwa mekundu kama taa ya nyuma ya gari. Pinki karibu haipo. Jana nilimwonyesha Zawadi jaribio la tatu, nikamuuliza unamwonaje huyu. Akaitazama sana, kisha akauliza kama bibi huyo amelazwa.

Nimetia kijani kingi. Nina siku mbili za kurekebisha.