Sera ya nje ya Afrika Mashariki imo kwenye orodha ya ushuru

Ibara ya 123 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi wanachama ziwe na sera ya pamoja ya mambo ya nje na usalama. Mkataba huo ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika 7 Julai 2000. Leo nchi ni 8. Sarafu ya pamoja haijapatikana, ubalozi wa pamoja haupo, na jeshi la pamoja la kudumu halipo. Kitu kikubwa ambacho Jumuiya inaweza kumwekea mgeni mezani na kumwambia "hiki ni chetu sote" ni viwango vya pamoja vya ushuru wa forodha. Kwa hiyo anayetaka kujua kama Jumuiya itasimama pamoja mbele ya Ulaya, Marekani au China aache kwanza maazimio ya wakuu wa nchi, aanzie forodhani.

Umoja wa forodha ulianza Januari 2005. Viwango vyake sasa ni vinne: 0% kwa malighafi na mitambo, 10% kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25% kwa bidhaa zilizokamilika, na 35% iliyoongezwa Julai 2022 kwa bidhaa kama nguo, samani na maziwa ambazo ukanda unataka uzizalishe wenyewe. Juu ya hivyo zipo bidhaa nyeti: sukari 100%, mchele 75%. Tatizo linaanzia hapa. Kila mwaka, bajeti zinapokaribia, mawaziri wa fedha huomba ruhusa ya kutumia kiwango tofauti kwa bidhaa fulani, na ruhusa hizo huchapishwa katika Gazeti la Jumuiya. Ni halali kabisa, lakini zimezidi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia nazo bado hazijaanza kutumia viwango hivyo kikamilifu. Anayekuja kujadiliana nasi anakuta ukuta wenye matundu, naye hutafuta tundu lililo wazi zaidi.

Mfano mkubwa ni mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, ule unaoitwa EPA. Novemba 2007 nchi 5 za wakati huo ziliweka saini za awali kwenye rasimu wakiwa kitu kimoja. Maandishi kamili yalikubaliwa 16 Oktoba 2014: Afrika Mashariki ingefungua polepole, kwa miaka 25, soko la bidhaa zenye thamani ya 82.6% ya zile inazonunua Ulaya, na kuzilinda zilizobaki. Makubaliano hayo hayakuja kwa hiari tu. Siku 15 kabla, 1 Oktoba 2014, Ulaya ilikuwa imeiondolea Kenya fursa ya kuingiza bidhaa bila ushuru. Maua ya Naivasha na mananasi ya makopo yakaanza kutozwa ushuru kwenye soko lilelile yaliloingia bure wiki iliyotangulia. Hali hiyo ilidumu hadi 25 Desemba.

Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuguswa hata kwa senti moja. Umoja wa Mataifa unaziweka katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, na Ulaya inaziruhusu nchi za kundi hilo kuingiza kila kitu isipokuwa silaha, bila ushuru na bila ukomo wa kiasi, mkataba uwepo usiwepo. Kenya haimo katika kundi hilo. Kwa hiyo nchi 5 zilizokaa upande mmoja wa meza zilikuwa na hatari mbili tofauti kabisa: mmoja akikosa mkataba anapoteza soko, wanne wakikosa hawapotezi kitu siku hiyo.

Yaliyofuata yalikuwa hesabu tupu. Tarehe 1 Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mjini Brussels. Tanzania ikakataa, ikitaja viwanda vyake vichanga, mapato ya forodha ambayo yangepungua, na Uingereza iliyokuwa imepiga kura ya kutoka Ulaya. Novemba mwaka huohuo Bunge likaunga mkono msimamo huo. Burundi ilikuwa imewekewa vikwazo na Ulaya, haikuwa na sababu ya kusaini. Uganda ilisubiri wenzake. Na kwa kuwa mkataba ulikuwa wa Jumuiya, bila saini zote haukuwa na nguvu. Nimesikia watu wakiilaumu Tanzania na wengine wakiilaumu Kenya. Kwa maoni yangu kila mmoja alipiga hesabu yake sawasawa. Kosa ni la Jumuiya, iliyokwenda kujadiliana miaka yote ile bila kwanza kukubaliana jinsi wanne watakavyombeba mmoja aliye hatarini, na yeye atawalipa nini.

Mwisho wake unajulikana. Tarehe 27 Februari 2021 Mkutano wa Wakuu wa Nchi uliruhusu anayetaka aendelee na Ulaya peke yake, kwa kanuni iliyomo kwenye Mkataba inayoruhusu nchi kwenda kwa kasi tofauti. Kenya ilikuwa tayari imesaini mkataba kama huo na Uingereza 8 Desemba 2020. Ikasaini na Ulaya jijini Nairobi 18 Desemba 2023, na mkataba ukaanza kutumika 1 Julai 2024.

Sasa tazama maana yake pale mpakani Namanga, Busia na Malaba. Katika himaya moja ya forodha, mzigo hulipiwa ushuru kwenye bandari ya kwanza, Mombasa au Dar es Salaam, kisha husafiri hadi Kampala au Kigali. Utaratibu huo unafaa tu ikiwa ushuru ni uleule kila mahali. Mashine ya Ulaya yenye 0% Kenya na 0% Uganda haina shida. Lakini bidhaa iliyokamilika ambayo Kenya itaishusha kutoka 25% hadi 0%, huku Uganda ikibaki na 25%, lazima ikaguliwe mpakani: imetoka Ulaya? Imeshalipiwa nini? Tofauti inalipwa wapi, na fedha ziende hazina ya nani? Bila ukaguzi, mfanyabiashara atapitishia Mombasa kila kitu. Ukaguzi ukirudi, nao unarudisha foleni za malori ambazo vituo vya pamoja vya mpakani vilijengwa kuziondoa. Ushuru wa makundi nyeti zaidi utashuka pole pole miaka ijayo, kwa hiyo maumivu bado hayajaonekana. Muda wa kutengeneza utaratibu ni huu.

Marekani walitumia mlango uleule. Mwaka 2016 wakuu wa nchi walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka 3 ili viwanda vya nguo vifufuke. Rwanda ikapandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Marekani kikalalamika, na serikali yao ikaanza kupitia upya kama nchi hizi bado zinastahili AGOA, mpango wake wa kuziruhusu bidhaa za Afrika kuingia bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vinavyoshona nguo kwa ajili ya soko la Marekani, ilijitoa mapema kwenye azimio. Tanzania na Uganda zikalegeza mwaka 2018. Rwanda ikashikilia, na 30 Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Rwanda iliweza kushikilia kwa sababu ilikuwa ikiuza nguo chache sana huko. Ujasiri wa kila nchi ulilingana na udogo wa kikapu cha mauzo yake huko. Azimio lilipitishwa bila mtu kuuliza mapema nani ana kikapu kikubwa na nani angemfidia kikipigwa teke.

AGOA yenyewe ilifika 30 Septemba 2025 mwisho wa nyongeza ya miaka 10 iliyotolewa 2015, na kabla ya hapo Uganda ilikuwa imeondolewa tangu 1 Januari 2024. China nayo ilifuta ushuru wote kwa nchi zenye maendeleo duni kuanzia 1 Desemba 2024. Kenya ikabaki nje ya orodha hiyo kwa sababu ileile, ingawa Juni 2025 Beijing ilitangaza nia ya kuifikisha fursa hiyo kwa nchi 53 za Afrika kwa njia ya mikataba. Dola kubwa haihitaji hata njama ya kutugawa. Orodha zake zinatugawa zenyewe.

Kwenye siasa mambo ni yaleyale, na nitapita haraka. Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuhusu Urusi kuivamia Ukraine, kati ya nchi 6 wanachama wa wakati huo Kenya na Rwanda ziliunga mkono azimio. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini hazikupiga upande wowote. Hilo laweza kuvumilika. Linaloniumiza ni Kongo. Kikosi cha Jumuiya kiliingia Goma, mashariki mwa Kongo, Novemba 2022 na kuondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kukiongezea muda, nafasi yake ikachukuliwa na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambamo Tanzania, mwanachama wa jumuiya zote mbili, ilipeleka askari. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, ambao Kongo inasema wanasaidiwa na Rwanda. Dar es Salaam iliwakutanisha wakuu wa jumuiya zote mbili 8 Februari, lakini saini za makubaliano ya amani kati ya Kongo na Rwanda ziliwekwa Washington 27 Juni 2025. Mgogoro wa wanachama wawili wa Jumuiya ukapatiwa meza bara jingine.

Nini kifanyike? Itifaki ya Umoja wa Forodha, ibara ya 37, tayari inaigusa nchi inayotaka mkataba wa biashara na mgeni: masharti yake yasipingane na itifaki, na Katibu Mkuu ajulishwe. Taarifa hiyo itolewe mazungumzo yakianza, ikiwa na orodha ya bidhaa zitakazoguswa. Taarifa inayokuja baada ya saini haimsaidii yeyote. Pili, Sekretarieti ya Jumuiya iliyoko Arusha iwe na jedwali moja linalosasishwa: kila nchi inauza nini, wapi, kwa fursa ipi, na fursa hiyo inakwisha lini. Tatu, kanuni za uasili wa bidhaa zidaiwe kwa pamoja, ili pamba ya Uganda au Tanzania ikishonwa Kenya ihesabiwe kuwa ya nyumbani. Hiki ni kitu ambacho Kenya inaweza kuwapa wenzake kama malipo ya kubebwa. Na michango ya wanachama ilipwe kwa wakati. Sekretarieti hutegemea sana fedha za wafadhili, na makao makuu yake yenyewe yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani. Timu ya majadiliano isilipiwe nauli na upande wa pili.

Haraka ya jambo hili inatokana na kalenda. Katika tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2024, Rwanda, Uganda na Tanzania zilifikia kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni. Tathmini hufanyika kila miaka 3, na vigezo vikifikiwa mara 2 mfululizo nchi inaweza kupendekezwa itoke. Ya pili ni 2027. Maandalizi ya kutoka kwa kawaida huchukua miaka 3, na Ulaya huongeza miaka 3 mingine ya fursa ya zamani. Kwa haraka kabisa, basi, nchi hizo tatu, ambazo 2016 hazikuuhitaji mkataba, zinaweza kujikuta karibu na 2033 pale Kenya ilipokuwa Oktoba 2014. Mlango wa kujiunga na mkataba wa Kenya na Ulaya uko wazi kwa wanachama wengine. Mawaziri wa biashara wa nchi hizo tatu wakae na wa Kenya kabla ya tathmini, wapate majibu ya maandishi kwa maswali mawili: anayejiunga baadaye anahesabiwa miaka 25 kuanzia siku yake, au inayobaki tangu 1 Julai 2024? Na orodha ya bidhaa zilizolindwa, anakuja na yake au anarithi ya Nairobi?