Usiitupe PS 1 kwa sababu PS 5 imefika

Mama yangu alikuwa na banda la gemu Kirumba, Mwanza, jirani na mwaloni wanakoshushia samaki, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa mlangoni kukusanya hela. Mechi moja shilingi 100, baadaye ikapanda hadi 200. Mshindi anabaki, aliyefungwa anaachia pedi. Wateja wetu hawakuwa wanafunzi peke yao. Wavuvi walioshusha dagaa alfajiri walikuwa wanapitisha muda kwetu wakisubiri boti ya kurudi visiwani. Kulikuwa na mmoja wa Ukara aliyecheza Tekken 3, gemu ya kupigana, kwa kumchagua mpiganaji Eddy tu, miguu juu mwanzo mwisho, na hakuna kijana wa Kirumba aliyetamani kukutana naye.

Nayaandika haya kwa sababu kaka yangu amemnunulia mwanawe PS 5, yaani PlayStation ya tano ya Sony, ile isiyo na sehemu ya kuingizia sidii. Ni mashine nzuri, sina neno. Nyasi za uwanja unaziona moja moja, jasho linamtiririka mchezaji. Lakini nilipolishusha lile boksi la PS 1 yetu ya zamani kutoka juu ya kabati, mtoto aliichukua sidii ya Winning Eleven 2002, gemu ya mpira wa miguu, akaizunguka PS 5 yake pande zote, kisha akaniuliza, "Shangazi, hii inaingia wapi?"

Haiingii. Hata PS 5 yenye sehemu ya sidii inasoma gemu zake na za PS 4, basi. Za PS 1 haizigusi.

Hapo ndipo nataka tuelewane. Gemu ya zamani imo yote ndani ya sidii yake. Unaweka, unawasha, unacheza. Haikuulizi bando wala akaunti. Sasa hivi kuna gemu za Nintendo Switch 2, mashine iliyotoka Juni 2025, ambazo kadi unayonunua dukani haina gemu ndani. Inakupa ruhusa tu ya kwenda kuipakua. Siku huduma ya kupakua ikifungwa, aliyekuwa hajapakua atabaki na kadi mkononi. Kuna taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation. Mwaka 2023 ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena madukani. Hiyo ni Marekani, ambako maduka ya gemu yapo kila mji. Kwetu Mwanza, gemu ya zamani iliyo salama ni ile ambayo sidii yake unayo na mashine ya kuisoma unayo.

Na mashine inahitaji kutunzwa. PS 1 ilianza kuuzwa Japani Desemba 1994. Zile za mwanzo zilikuwa na jicho la kusomea sidii linaloteleza kwenye reli ya plastiki, tena karibu na sehemu ya umeme inayopata moto. Ikichezwa kutwa, plastiki inalika, jicho linakaa upande, muziki unakatika-katika, mara mchezaji anaganda katikati ya uwanja. Mama hakuwa anaita fundi. Alikuwa anaipindua mashine juu chini, jicho linaning'inia kuelekea kwenye sidii, na mechi inaendelea. Kwa muda mrefu nilidhani ni uganga wake mwenyewe, kumbe dunia nzima walikuwa wanafanya hivyo hivyo.

Hiyo hiyo ya mama ndiyo nimeifungua sebuleni. Nimelifuta jicho kwa pamba yenye spiriti, nimetoa vumbi lililogandamana kwenye matundu ya pembeni ya kupitisha hewa, nimepaka grisi kidogo kwenye reli. Imewaka! Ule mlio wake wa kuwaka, mzito, unaojaza chumba, ulimtoa mama jikoni.

Kilichonitesa zaidi ni TV. Niliiunganisha kwenye TV bapa ya sebuleni, nikaona naboronga pasi ambazo mkono wangu unazijua. Nabonyeza, mchezaji anapiga akiwa ameshanyang'anywa mpira. Sababu ni kwamba PS 1 inatoa picha ndogo, mara nyingi ya mistari 240, na TV bapa lazima iikuze na kuitengeneza upya kabla ya kuionyesha. Huo muda kidogo unatosha kukukosesha bao. TV ya chogo haifanyi hesabu hiyo. Inachora mstari kwa mstari kadiri mawimbi yanavyoingia. Nikaulizia mtaani mpaka nikapata moja Pasiansi, mwenyewe alikuwa anasubiri wanunuzi wa vyuma chakavu wapite. Nilipoiunganisha, kila pasi ilikwenda nilikoituma.

Halafu kuna vitufe. Winning Eleven yetu ilikuwa ya Kijapani, menyu zote za Kijapani, na pale bandani hakuna aliyejua kusoma hata herufi moja. Tulijua kwa kukariri: shuka, shuka, duara, na timu zinatokea. Duara kwa Wajapani ndiyo kukubali, X ni kurudi nyuma. Ulaya na Marekani gemu nyingi ziligeuza, X ikawa ya kukubali, na PS 5 ilipotoka mwaka 2020 Sony wakaifanya X iwe hivyo hata huko Japani. Basi mtoto wa kaka alikuwa anabonyeza X kila saa anajirudisha alikotoka, nami nikamshika kidole nikakiweka kwenye duara, kama kaka yangu alivyonifanyia mimi. Akazoea. Jioni ile alikuwa ananiomba tusogee kwenye benchi ili naye aone vizuri, na mimi sikumbuki lini mara ya mwisho alicheza gemu bila vile visikilizi masikioni.

Lakini hazina yetu kubwa iko kwenye kadi ya memori, ile ndogo ya kijivu yenye visanduku 15 vya kuhifadhia. Mle ndani kaka yangu na wenzake walibadilisha majina ya wachezaji wa timu moja wakaifanya Pamba, timu yetu ya Mwanza. Beki mmoja kapewa jina la muuza samaki wa mwaloni, kipa ana jina la kinyozi wetu. Pamba ya kweli wakati huo ilikuwa imeshashuka, ikakaa nje ya Ligi Kuu miaka mingi hadi iliporudi msimu wa 2024/25. Kwenye kadi yetu haikushuka hata siku moja.

Kadi hizi nazo huchoka. Nimepata nyingine kwa fundi wa Makoroboi. Ukiwasha PS 1 bila sidii, inakufungulia ukurasa wa kadi za memori, unachagua kisanduku na kukinakili kutoka kadi moja kwenda nyingine. Tunaifanya kazi hiyo Jumapili, na kaka ameahidi kuja, maana majina mengine ameyaandika kwa kifupi na ni yeye peke yake anayejua ni ya nani.