Slay the Spire inaniuma na bado siiachi

Slay the Spire ni gemu ya kupigana na maadui kwa karata, na humo ukifa umekufa, hakuna cha kurudi ulipokuwa, unaanza chini kabisa na karata zako zile zile 10, Strike 5 za kupiga, Defend 4 za kujikinga na Bash 1 kama unacheza na mhusika anayeitwa Ironclad, afu ramani mpya, maadui wengine, karata za kuokota nazo nyingine kabisa. Utamu wote uko hapo na maumivu yote yako hapo hapo.

Jana usiku iliniuma kweli. Hatua ya kwanza kuna jitu linaitwa Gremlin Nob, lina uhai wa 80 na kitu, na kila ukicheza karata ya skili, yaani zisizo za kupiga kama zile za kujikinga, linakasirika na kuongeza nguvu. Sasa mimi gemu ilikuwa imeniletea skili tupu toka mwanzo! Ukijikinga anazidi kuwa mkali, usipojikinga anakumaliza, na ramani inakuonyesha tu kwamba pale kuna adui mkubwa, haikuambii ni yupi kati ya wale watatu.

Ila atakayeniambia hii ni kamari nitamkatalia. Juu ya kichwa cha adui unaona zamu hii anataka kufanya nini, kama anapiga unaona na kiasi. Bosi wa mwisho wa hatua unamwona kabla hujapanda hata ngazi moja. Na ukishinda unaletewa karata 3 uchague 1 au uziache zote, na mimi naamini ufundi uko kwenye kuziacha, maana ukibeba kila kitu ile unayoihitaji haiji mkononi kwa wakati.

Afu kuna siku unapata karata ya Corruption na kifaa cha Dead Branch pamoja jamani. Skili zote zinakuwa bure, kila ukiicheza moja inaungua, yaani inatoka kabisa kwenye pambano lile, ikiungua inakuja nyingine yoyote ile mkononi, nayo unaicheza inaungua, inakuja nyingine, zamu moja inakwenda weee na adui kasimama tu anasubiri. Huwezi kuipanga hiyo, unaikuta.

Kuna watu wakifa wanaingiza namba ya ule mchezo ili ramani irudi ile ile, wakijua kila mlango una nini. Mimi hiyo siifanyi hata nionewe vipi, na wanaoifanya tukikutana tutabishana mpaka asubuhi.