Nafasi wazi ya LEED kwenye kiwanja kilichobanwa: nilivyoipata paani

Katika LEED toleo la 4, mfumo wa kutoa vyeti kwa majengo yanayojali mazingira, alama ya nafasi wazi ni 1 tu, na wengi wenye kiwanja cha katikati ya mji huiruka bila hata kupiga hesabu. Sharti lenyewe ni hili: nafasi ya nje isipungue asilimia 30 ya kiwanja chote, yaani pamoja na pale jengo liliposimama, na asilimia 25 ya nafasi hiyo iwe na mimea au ifunikwe na mimea kwa juu. Nyasi za kukatwa hazihesabiwi kwenye hiyo asilimia 25. Ukimkabidhi mtu wa bustani mchoro bila kumwambia hilo, atakutandikia nyasi kila mahali.

Kiwanja changu kilikuwa mita za mraba 1,200, kwa hiyo nilidaiwa 360, na 90 kati yake ziwe za mimea. Jengo lilikalia 860. Kwenye 340 zilizobaki, njia ya magari na maegesho vilikula 190, jenereta na taka 40. Nikabaki na 110 za watu kutembea na kukaa. Pungufu: 250.

Kilichoniokoa ni kifungu cha msongamano. Eneo la sakafu zote, bila maegesho ya ndani ya jengo, likigawanywa kwa eneo la ardhi likafika 1.5, paa linaruhusiwa kuhesabiwa. Sakafu zangu zilikuwa 4,200. Gawanya kwa 1,200 upate 3.5. Fanya hesabu hii kabla ya kuchora chochote paani.

Paa lilikuwa 860, lakini matenki, mashine za viyoyozi, chumba cha lifti na paneli za jua vilichukua nusu. Nikachora 260: 175 za kukaa na kupita, 85 za mimea. Chini, ndani ya zile 110, nilikuwa na 20 za vichaka, jumla mimea 105. Hiyo ziada niliiacha makusudi, maana ujenzi ukiendelea lazima atokee fundi na bomba jipya la hewa analotaka kulipitisha katikati ya bustani. Sakafu tupu nayo haitoshi: mabenchi, meza au vifaa vya mazoezi vionekane kwenye mchoro.

Uzito ndio wa kukaa chini na mhandisi. Udongo ulioshiba maji nilimhesabia tani 1.5 kwa mita ya ujazo: kina cha sentimita 10 ni kilo 150 kwa mita ya mraba, sentimita 30 ni kilo 450. Vichaka vikakaa juu ya nguzo na mihimili, mimea mifupi yenye udongo mwembamba ikaenda katikati ya slabu.

Kuvuja huanzia ukutani mara nyingi kuliko sakafuni. Utando wa kuzuia maji hupandishwa ukutani, kisha mtu anaongeza udongo "kidogo tu" mpaka unapita ukingo wa utando, na maji yanaingia kwa nyuma. Nilidai utando upandishwe sentimita 15 juu ya usawa wa mwisho wa udongo, na usawa huo upigwe mstari wa rangi ukutani kabla udongo haujapandishwa. Kabla ya hapo, ziba matundu ya maji, jaza paa maji ya sentimita 5, acha saa 48, kisha kagua dari ya chini. Ndipo vifuate kizuizi cha mizizi, tabaka la kupitisha maji, kitambaa cha kuchujia, na udongo. Juu ya kila tundu weka kisanduku chenye mfuniko, la sivyo siku likiziba utachimba bustani kulitafuta.

Halafu kuna mlango. Paa linalofikiwa na fundi tu, kwa ngazi ya chuma au ufunguo wa mlinzi, halihesabiwi hata likiwa msitu. Lifti yetu iliishia ghorofa moja chini ya paa, na kuiongeza kituo kimoja kulibidi kuamuliwe kabla shimo lake halijamwagwa zege.