Mlenda haufichwi mgeni

Mbukwenyi ndugu zangu. Nimerudi Dodoma baada ya miaka mingi Uturuki, na kabla ya kuandika habari za masomo nataka niandike habari za chakula.

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Konya, wengi hapa walinionea huruma. "Huko utakula nini?" Wakanishauri nibebe unga na dagaa. Mimi hamu ilikuwa imenishika. Nilishasoma habari za etliekmek, mkate mwembamba mrefu unaotandazwa nyama ya kusaga ukaingizwa tanurini, na za ayran, mtindi uliochanganywa na maji na chumvi, unaonywewa na chakula. Bado naamini hamu ile ndiyo iliyonikalisha vizuri ugenini. Mwenye hamu ya kula hajifungii chumbani. Ataingia sokoni, ataonja, ataulizia vitu kwa lugha asiyoijua, na wauza soko watamfundisha.

Konya nayo ni nchi kavu. Iko juu kwenye uwanda, kimo chake hakipishani sana na chetu, na ni eneo la ngano. Nilikuta watu wanaojua kukausha mboga na matunda kwa jua ili vifike msimu mwingine, kama tunavyojua sisi ambao mvua yetu ni moja tu kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi.

Kilichonigusa zaidi ni supu ya bamia. Bamia zenyewe ni ndogo sana, zimetungwa kwenye uzi zikakaushwa. Wanazipika na vipande vidogo vya nyama na kuzikamulia limau ya kutosha, utelezi ukapungua. Supu hiyo ni chakula cha harusi. Inaletwa katikati ya karamu, baada ya pilau ya nyama na halua, ili uchachu wake uwarudishie wageni hamu waendelee kula. Mara ya kwanza kuiona mezani, wazee wamevaa vizuri, bakuli limewekwa katikati kwa heshima zote, niliwaza mlenda wa kwetu.

Sasa sikilizeni yaliyonipata nyumbani. Nimeshuka kwenye treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, iliyoanza safari zake 2024 (safari ya saa nne kasoro, kweli nchi imesogea), nikafika kwa mama. Akaniuliza anipikie nini, wali kuku au pilau? Nikamwambia, "Mama, naomba ugali wa uwele na mlenda." Akanitazama. "Mwanangu, umetoka Ulaya, nikupe mlenda? Majirani watasemaje?"

Aliupika, kwa sababu ni mama. Maji yamechemka na magadi kidogo, akamimina unga wa majani makavu huku anakoroga, kisha karanga zilizotwangwa. Ugali wa uwele ule wa kijivu, wenye harufu yake ya nafaka. Nilikula mpaka mama akaanza kucheka. Lakini maneno yake yale hayajanitoka. Mboga iliyowavusha Wagogo miaka ya ukame, na nafaka inayostahimili jua pale mahindi yanapokauka, tunavionea haya mbele ya mgeni.

Wageni nao wamejaa. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, watumishi wamekuja na familia zao kutoka kila kona ya nchi. Nimezungumza na baadhi yao. Wanasifia zabibu, wanasifia nyama choma ya mnadani Msalato, baada ya hapo ni chipsi mayai. Uwele hawajawahi kuuonja, na siwalaumu, maana hakuna aliyewakaribisha. Mtu anahamia mji mpya na mdomo uko tayari, sisi tunamwekea chakula alichokiacha alikotoka. Kwa kweli inaniuma.

Na hizo zabibu zenyewe tunazijua nusu. Waturuki huchemsha maji ya zabibu mpaka yanakuwa mazito, meusi, matamu, wanayaita pekmez. Asubuhi wanayachanganya na ufuta uliosagwa laini na kuchovya mkate. Zabibu na ufuta! Vyote vinaota mkoani kwetu. Kisha kuna majani ya mzabibu. Yanachumwa yangali laini, yanachovywa maji ya moto, yanafungiwa wali wenye vitunguu na viungo, vifungo vyembamba vinapangwa sufuriani na kupikwa taratibu. Hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka, maana mizabibu hupogolewa ikachipua upya, kwa hiyo majani laini tunayapata mara mbili pia. Wengi tunayaangalia tu yakizeeka.

Nimeanza kupanga kuyapika majani hayo na mama na shangazi zangu. Wali wa kufungia tutautia karanga badala ya mbegu za misonobari wanazotumia kule, na pembeni kutakuwa na bakuli la mlenda, katikati ya meza, siku tutakayoita majirani. Kinachonikwamisha ni dawa, kwa sababu mizabibu mingi hupuliziwa, na jani la kula halitakiwi kuwa na dawa. Mwenye shamba Hombolo, Mpunguzi au Mvumi ambaye yuko tayari kuniachia mistari miwili bila kupuliza baada ya kupogoa, aniambie. Nanunua majani kwa kilo, matunda yabaki yake.