Navyozijua tarehe za matangazo ya zamani ya shoo za roki

Mi nakusanya matangazo ya shoo za roki yaliyotoka magazetini miaka ya 60 na 70, sio yale mabango ya ukutani, hapana, ni haya madogo meusi na meupe ya kwenye kurasa za burudani. Tatizo lililonisumbua muda mrefu ni kwamba vipande vingi vinakuja vimeshakatwa, jina la gazeti halipo, tarehe haipo, na tangazo lenyewe linataja siku na mwezi tu maana msomaji wa wakati ule mwaka alikuwa anaujua.

Nikaanza kutumia kalenda. Mfano nina kipande cha Fillmore East, ule ukumbi wa mwandaaji wa shoo Bill Graham kule New York, wanapiga bendi za Jimi Hendrix Experience na Sly and the Family Stone, Ijumaa Mei 10. Mei 10 iliangukia Ijumaa mwaka 1963, 1968 na 1974, halafu ukumbi ulifunguliwa Machi 1968 ukafungwa Juni 1971, kwa hiyo ni 1968 tu, hakuna cha kubishana. Nilivyoipata hiyo nilifurahi mno yaani.

Na upande wa nyuma usiudharau kabisa! Huko unakuta nusu ya habari ya uchaguzi, sinema zinazoonyeshwa wiki hiyo, matokeo ya mechi, na hivyo vyote vinakupa mwaka, wakati mwingine hadi wiki. Ukikuta nyuma ni peupe kabisa ulizia vizuri kabla hujalipa, kopi ni nyingi sana siku hizi.

Ninayoyapenda zaidi ni yale ambayo mambo hayakwenda kama yalivyotangazwa. Lile tamasha kubwa la Woodstock lilitangazwa kwanza kuwa litafanyika Wallkill, mji wa jimbo la New York, Julai 1969 wenyeji wakakataa, likahamia mji mwingine, Bethel, kwa hiyo tangazo lenye Wallkill ni la kabla ya kuhama. Bendi ya Jeff Beck Group nayo ilitangazwa kupiga hapo Woodstock lakini ikavunjika, hawakupanda jukwaani. Vitabu vinakwambia kilichotokea, ila tangazo linakuonyesha watu walikuwa wanasubiri nini, na mi hiyo ndo inanivuta.

Kutunza ni kazi nyingine maana karatasi ya gazeti ina lignini, kitu kinachotoka kwenye mti wenyewe, ikipigwa na mwanga na hewa inageuka njano halafu inakatika katika. Mi natumia mifuko ya poliesta, yaani plastiki angavu, na karatasi ya kuegemeza isiyo na asidi, naweka gizani, penye ubaridi na pakavu. Selotepu sigusi, laminesheni ndo kabisa, huwezi kuitoa tena.

Siku hizi nikipata gazeti zima silikati, nalihifadhi na ukurasa wake wote, tarehe ikiwa pale pale juu. Na wewe kama unayo ya wazazi kabatini, tafadhali weka mkasi pembeni kwanza.