Leo nimeimba Kijapani

Niko kwenye treni narudi nyumbani, sauti imenikauka kabisa.

Kila tukienda karaoke na wenzangu wa kazini hapa Osaka, mimi huwa napiga makofi tu. Leo nilijiapiza: lazima niimbe, tena kwa Kijapani.

Kazi ilikuwa kuchagua. Nyimbo za vijana wa sasa ni tamu, lakini maneno yanakimbia mno. Hujamaliza mstari, skrini imeshahama.

Nikauchagua wimbo wa Kyu Sakamoto wa mwaka 1961, Ue o Muite Arukō. Ndio ule ulioshika namba 1 Marekani mwaka 1963, wao wakiuita Sukiyaki. Unakwenda taratibu, na juu ya kila kanji, yaani zile herufi ngumu zilizotoka Uchina, kuna hiragana ndogo, herufi rahisi za kuonyesha matamshi, kwa hiyo naweza kusoma.

Jina lake ni kama kusema: nitembee nikitazama juu. Mtu anainua uso ili machozi yasidondoke.

Ubeti wa kwanza nilitetemeka. Wa pili nikakaa sawa.

Halafu ikafika sehemu ya mluzi. Skrini haina neno hata moja. Kupiga mluzi sijui, nikanyamaza.

Mzee mmoja wa ofisini, mtu asiyesema sana, akaweka glasi chini. Akafumba macho, akaupiga wote, mwanzo hadi mwisho.

Chumba kizima kimya.

Mpaka sasa nausikia masikioni.

Jamani, mnaojua nyimbo za Kijapani za polepole, nitajieni. Ijumaa tunakwenda tena, na nataka nimchagulie yule mzee wimbo mwingine wenye mluzi.